Mshirazi wa hadithi zetu na Mwajemi wa kwenye sinema

Mwaka juzi nilialikwa harusi Malindi mjini. Wanaume tumeketi mkekani tukingoja pilau, bwana mmoja wa makamo akaniuliza natoka wapi. Nikamwambia Kakuyuni. "Ah, kule bara," akasema, kama kwamba Kakuyuni iko mpakani na Uganda, ilhali ni safari fupi tu ya matatu kwa njia ya Sala Gate. Kisha, bila kuulizwa, akanieleza kuwa wao asili yao ni Shirazi, Uajemi, babu zao walikuja kwa jahazi na si watu wa huku. Sikumjibu. Sinia ilikuwa imeshateremshwa, na kwetu hatubishani chakula kikiwa mbele ya watu.

Nikirudi nyumbani swali lilinikaa kichwani. Yule bwana amewahi kumwona Mwajemi? Na mimi je? Nilichokijua kuhusu Iran kilikuwa kile cha taarifa ya habari ya saa moja: makombora, nyuklia, vikwazo, bei ya mafuta. Na huku Pwani mtu akitaja Shirazi, mara nyingi hamtaji mtu wa Shiraz anayeamka asubuhi akaenda kazini kwake. Anataja cheo.

Mimi nina kibanda cha kuchaji simu, na Jumamosi jioni naonyesha sinema kwa kutumia laptopu na projekta ya kukodi, ukutani pa jirani. Wateja wangu ni watoto, vijana wa bodaboda, kina mama wanaouza mahamri, na wazee wawili watatu wanaodai wamepita njia tu. Wamezoea mapigano, zile sinema anazosimulia DJ Afro. Nikaanza kuwaingizia za Kiajemi moja moja. Maandishi ya chini yako kwa Kiingereza, basi nikasimama kando ya ukuta nikiwasimulia kwa Kiswahili. Ninayoandika hapa ndiyo tuliyoyaona na tuliyobishania.

Ya kwanza ilikuwa *Bacheha-ye Aseman*, yaani Watoto wa Mbinguni, ya Majid Majidi, ya mwaka 1997. Kisa chenyewe ni kidogo mno. Mvulana anayeitwa Ali amepeleka viatu vya dadake Zahra kwa fundi, na wakati wa kurudi anavipotezea kwenye duka la mboga. Baba hana pesa, kodi ya nyumba imelimbikizana, mama anaumwa. Watoto wanakubaliana wasiseme. Kule Tehran shule yao ina zamu, wasichana asubuhi na wavulana mchana, kwa hiyo wanatumia raba za Ali kwa kupokezana. Zahra akitoka anakimbia vichochoroni, Ali anamngoja, wanabadilishana, naye Ali anakimbia. Siku moja raba moja inamponyoka Zahra, inaanguka mferejini, maji yanaichukua. Nakwambieni hakuna sinema ya mabomu iliyowahi kuwasimamisha watoto wa Kakuyuni kwa miguu yao namna ile. Hapa hapa kuna mtoto asiyejua kiatu cha kupokezana? Mimi mwenyewe nilivaa vya kakangu, na mwaka mmoja nilirudishwa nyumbani na shule moja kwa sababu nilikwenda na ndara.

Lakini palipowanyamazisha watu wazima ni kwingine. Baba yake Ali amepewa kazi ya kuvunjavunja sukari ya msikiti kwa ajili ya shughuli. Sukari yao huja bonge gumu, hukatwa vipande, na Mwajemi hubana kipande mdomoni ndipo akanywa chai yake juu yake. Sebule imejaa sukari. Zahra anamletea babake chai, baba anataka sukari, na mtoto anashangaa: si hii hapa mbele yako? Baba anamwambia hiyo si yetu, ni ya msikiti, tumeaminiwa tu. Mtoto anakwenda kumletea ile yao ya jikoni.

Mzee mmoja, ambaye sijapata kumwona akisifu kitu tangu nimjue, alisema taratibu: "Huyo ndiye mtu." Neno lake hatukulitafuta mbali. Sote tunalo, amana. Mtu hana kodi ya nyumba, anaketi na kilo kadhaa za sukari ya watu, na chai yake inapoa akingojea kipande chake mwenyewe. Ukitaka kujua watu wengine wanaishije, mimi naona sekunde thelathini zile zinatosha kuliko hotuba ya saa nzima kuhusu ustaarabu wa kale.

Sinema hiyo ndiyo ya kwanza ya Iran kuingia kwenye orodha ya wanaogombea Oscar ya filamu za lugha za kigeni. Ikashindwa na ya Kiitaliano, *La vita è bella*. Waitaliano wetu wa Malindi wajue kwamba jambo hilo bado halijasameheka huku kwetu.

Ukizitazama nyingi, unaanza kusikia lugha. Mwajemi akiwapita watu wanaofanya kazi huwaambia *khaste nabashid*, maana yake msiwe mmechoka. Ni "poleni na kazi" yetu, haijapungua wala haijazidi. Akipewa kitu hushukuru kwa kumwambia mtoaji mkono wako usiume. Dukani ukiuliza bei, mwenye duka anaweza kukujibu kuwa si kitu, hakina thamani mbele yako. Ole wako ubebe uondoke! Unatakiwa usisitize, naye akatae, usisitize tena, kisha ataje bei, na pengine bei yenyewe si ndogo. Adabu hiyo wanaiita *taarof*, neno la mzizi mmoja na maarifa na taarifa. Mgeni hudhani ni unafiki. Mtu wa Pwani hashangai hata kidogo, maana amekua akikaribishwa chakula na kujibu "starehe" huku tumbo likinguruma, akijua kuwa anayemkaribisha kwa dhati atarudia mara ya pili na ya tatu. Mama mmoja wa mahamri alinikatiza simulizi: "Hiyo ni lugha ya mkwe!" Ni kweli. Ukitaka kuelewa kwa nini watu wa sinema hizi huzunguka na maneno dakika tano kabla ya kusema wanalotaka, kumbuka siku ulipokwenda kuposa.

Maneno mengine tunayo mdomoni bila kujua yalikotoka. Bandari, nahodha, dirisha, pamba, rangi, bustani, serikali, hata ile pilau niliyokuwa naingoja harusini: yote yana asili au mapito ya Kiajemi. Na tamasha! Sisi tamasha ni sherehe ya kutazamwa. Wao *tamasha* ndilo neno la kutazama kwenyewe. Mwajemi akitazama filamu husema anaifanyia tamasha.

Jumamosi nyingine niliweka *Khane-ye Doust Kojast?*, Nyumba ya Rafiki Iko Wapi, ya Abbas Kiarostami, ya mwaka 1987. Mtoto Ahmad amebeba daftari la mwenzake kwa makosa, na mwalimu amesema mwenzake akija tena bila daftari atafukuzwa. Anatoka kijijini kwao Koker kwenda kijiji cha pili kulirudisha, hajui nyumba, na kila mtu mzima anayemuuliza hamsikilizi. Katikati yupo babu anayemtuma sigara huku sigara anazo mfukoni, ili tu mtoto ajifunze kutii. Babu anawaeleza wenzake kwamba babake yeye alikuwa akimpa senti kila wiki na kipigo kila wiki mbili, na kwamba senti ilisahaulika mara nyingine lakini kipigo hakikusahaulika. Wazee wetu walicheka wakapiga makofi, "Hayo ndiyo malezi!" Ilichukua kama dakika kumi, mtoto akizidi kuhangaika kilimani na giza likiingia, kabla mmoja wao hajaniuliza kwa sauti ya chini: "Kwani huyu aliyetengeneza anatusema sisi?"

Anawasema. Na hapo kuna jambo la kueleza. Iran tangu mapinduzi ya 1979 sinema zina masharti makali. Mwanamke lazima aonekane amejifunika, hata akiwa chumbani kwake na mumewe. Mwigizaji mwanamume hamgusi mwigizaji mwanamke asiye maharimu wake, hata kama katika hadithi ni mke na mume. Kina mama wetu waliliona hilo upesi, wakacheka sana mwanamke alipopanda kitandani na mtandio. Kwa masharti hayo watengenezaji wengi waliona njia iliyo wazi ni mtoto. Mtoto huenda popote, hugusa yeyote, huuliza chochote. Kulikuwa pia na taasisi ya serikali ya malezi ya watoto kwa vitabu na sanaa, iliyoanzishwa 1965 enzi ya Shah, ambayo Kiarostami alisaidia kuunda idara yake ya filamu. Kwa hiyo ukiona sinema ya Kiajemi ya mtoto na daftari, usidhani ni ya watoto. Mara nyingi mtu mzima anasemwa humo kwa sauti ya chini, kama sisi tunavyomsema mtu kwa fumbo, mwenyewe amekaa hapo hapo anatikisa kichwa.

Wanaosema kwa sauti ya juu hulipia. Jafar Panahi mwaka 2010 alihukumiwa kifungo na kupigwa marufuku ya miaka 20 asitengeneze filamu. Mwaka uliofuata akatoa moja aliyoirekodi nyumbani kwake, akaiita *In Film Nist*, Hii Si Filamu. Inasimuliwa kuwa ilitolewa nchini ndani ya fleshi iliyofichwa kwenye keki. Mei 2025 huyo huyo alipokea tuzo kuu ya Cannes.

Sinema iliyotugawa kabisa ni ya Asghar Farhadi ya mwaka 2011, Kutengana kwa Nader na Simin, iliyoipatia Iran Oscar yake ya kwanza mwaka 2012. Hii si ya kijijini. Ni ya watu wa mjini wenye gari na piano, mke akitaka wahame nchi, mume akikataa kumwacha babake mzee aliyepotewa na kumbukumbu. Mke anapohama nyumba, wanaajiri mama maskini, Razieh, amtunze mzee. Mzee anajikojolea. Razieh anasimama na simu mkononi akiuliza kwa mashehe kama kumbadilisha nguo mwanamume asiye wake ni dhambi. Hapo hakuna aliyecheka kibandani kwangu. Wapo pale dada zetu wanaofanya kazi za ndani Malindi, na wapo waliorudi kutoka nchi za Ghuba, wanaojua maana ya kuachwa na mgonjwa wa mtu mwingine katika nyumba ya mtu mwingine.

Baadaye Nader anamsukuma mlangoni, mimba inatoka, kesi inafika mahakamani. Mwishoni jambo linarudi kwenye malipo ya damu, na Nader anakubali kulipa kwa sharti moja: Razieh aweke mkono kwenye Kurani aape kuwa ni yeye Nader aliyesababisha. Pesa ziko mezani, wadeni wa mumewe wameketi sebuleni. Razieh hawezi. Alikuwa amegongwa na gari siku moja kabla, na hana hakika. Anaogopa kiapo kisije kikamdhuru mwanawe.

Mtu wa Ulaya akitazama hapo, nadhani huona mwanamke aliyetingwa na dini. Kakuyuni hatukuona hivyo. Huku kiapo ni kitu kinachotembea. Mekatilili wa Menza alipowasimamisha Wagiriama dhidi ya Waingereza mwaka 1913, hakuwaunganisha kwa karatasi, aliwaunganisha kwa kiapo, mukushekushe kwa wanawake na fisi kwa wanaume, na Mwingereza alikiogopa kiapo hicho kuliko mishale. Kwa hiyo Razieh alipovuta mkono wake, wakristo, waislamu na wale wa kimila waliokuwepo walishusha pumzi pamoja. Ugomvi ukaja baada ya hapo. Vijana walisema amewaangamiza watoto wake kwa ukweli usio na faida. Kina mama wakasema hapana, amewaokoa. Tulifunga kibanda saa tano za usiku na hawakupatana. Mimi niko na kina mama, ingawa nasema hivyo sijawahi kudaiwa kiasi kile.

Nisije nikamfanya msomaji aamini kuwa Iran yote ni hii. Huko kwao wapo wanaozilaumu sinema za aina hii kwamba ni *siah-namayi*, kuonyesha weusi wa nchi ili wageni watoe tuzo, na wengi wao wakienda ukumbini hujaza zile za vichekesho. Sisi wa Pwani tunalijua lalamiko hilo, maana kila kamera inayokuja huku inatafuta ama ufuo ama njaa. Kiarostami mwenyewe alikuja Afrika Mashariki mwaka 2000, kwa mwaliko wa mfuko wa Umoja wa Mataifa wa maendeleo ya kilimo, kutazama kina mama wa Uganda waliolea mayatima wa ukimwi. Alichorekodi kwa kamera ndogo za mkononi kilitoka 2001 kwa jina *ABC Africa*. Yumo mtoto aliyefariki anayefungwa sandukuni na kupakiwa kwenye baiskeli, na kipo kipande kirefu ambapo stima zinakatika na skrini inabaki giza tupu, watu wakizungumza tu. Wateja wangu hapo walidhani projekta imekufa. Lakini humo pia watoto wanacheza na kuimba mbele ya kamera hadi wanaizidi nguvu. Nimeona nyingi za wageni wakitutazama. Huyu alikuwa na adabu ya kutazama bila haraka.

Sasa nirudi kwa bwana wa harusini, maana hakudanganya. Machi 2023 jarida la *Nature* lilichapisha utafiti wa vinasaba vya watu 80 wa zamani, wengi wao waliozikwa katika miji ya pwani kati ya mwaka 1250 na 1800 hivi: Manda, Faza, Kilwa, Songo Mnara, na Mtwapa, hapa hapa kaunti ya Kilifi. Ilionekana kwamba kuanzia kama mwaka 1000 damu ya Afrika na ya Asia zilichanganyika, na kwamba ile ya Asia ya mwanzo ilikuwa kwa sehemu kubwa ya Kiajemi, iliyoingia kwa upande wa baba. Kwa hiyo hadithi ya Shirazi ina mzizi. Ila utafiti huo huo unasema upande wa mama ulikuwa wa Kiafrika karibu wote. Wale mabaharia walioa. Walioa wapi, kama si kwa watu wa huku? Bwana yule alinihesabia babu zake wa jahazini akawaacha bibi zake ufuoni.

Na kuna Nairuzi. Wajemi huuanza mwaka mpya, Nowruz, siku ya 20 au 21 Machi. Wazee wa pwani hii walikuwa na Nairuzi yao, wakihesabu miongo ya siku kumi kumi kujua lini kusi na lini kaskazi, lini kupanda na lini kutweka tanga. Kwa kuwa mwaka wao ulikuwa wa siku 365 bila kuongeza ile ya mwaka mrefu, ukasogea polepole, na ndiyo sababu Mwaka Kogwa wa Makunduchi, Unguja, sasa huangukia Julai.

Ndiyo maana nikamalizia na *Badkonak-e Sefid*, Puto Jeupe, ya Panahi, ya mwaka 1995, aliyoandikiwa na Kiarostami. Mwaka mpya unakaribia kuingia, mtoto wa kike anataka samaki mwekundu wa kupamba sikukuu, na noti aliyopewa na mamake inaanguka kwenye wavu wa mfereji mbele ya duka lililofungwa. Watu wanapita, kila mmoja ana haraka ya kwao. Anayemsaidia mwishowe ni kijana Mwafghani anayeuza maputo kwenye mti. Wanabandika ubani wa kutafuna kwenye ncha ya mti ule, wanaichomoa noti. Mtoto anachukua samaki wake, anaondoka na kakake wakikimbia. Hawamwambii karibu. Kamera inabaki kwa yule kijana, ameketi peke yake na puto moja jeupe lililosalia, mwaka mpya ukiingia, watu wote wakiwa nyumbani kwao.

Wairani hao hao wa amana na taarof, nao wana watu wao wa bara. Panahi aliwaonyesha bila kuwagombeza.

Watoto waliniuliza mbona hawakumkaribisha japo chai. Nikawaambia sinema imekwisha. Wakauliza tena, atalala wapi? Nikakunja nyaya.

Jumamosi hii, kama stima zitakuwepo, tunairudia ile ya viatu kwa waliokosa. Ni saa moja na nusu, ukutani pale pale. Yule bwana wa Malindi nimempelekea salamu kwa mtu.